Mbolea ya Kukuzia

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, na ugonjwa wangu mkubwa ni kueleza. Nikiona mtu hajaelewa kitu, mkono unaniwasha kutafuta chaki. Wanafunzi wangu wamezoea, mume wangu anavumilia, watoto wangu wanakimbia. Nasema haya mapema ili msomaji ajue kwamba katika habari hii mwenye kosa ninamfahamu vizuri sana.

Baba yangu alianza kuumwa mgongo wakati wa palizi. Wazazi wangu wanakaa kijijini Sigino, mimi nakaa mjini, Bagara, karibu na shule ninayofundisha, na kwa bodaboda si safari ya kulalamikia. Baba amelima tangu aliposhuka na wazazi wake kutoka Mbulu akiwa mtoto, na mkulima kuumwa mgongo wakati wa palizi si habari ya kumpigia mtu simu. Alinunua vidonge vya maumivu duka la dawa, akawa anameza viwili na chai ya asubuhi, kisha anarudi kwenye mahindi na mbaazi zake. Mama alimkanda kwa maji ya moto yenye chumvi. Mimi nilimwambia anunue godoro jipya. Kila mmoja alikuwa na dawa yake, na wote tulikuwa tumekosea.

Palizi ikaisha, mavuno yakaja, mgongo ukabaki palepale. Kisha baba, mtu ambaye sijawahi kumwona amekaa wakati wengine wanafanya kazi, akaanza kukaa. Siku moja tulipokuwa tunapukuchua mahindi alikalia gunia, na alipotaka kuinuka akashindwa, akabaki anatuangalia huku anatabasamu kwa aibu. Nilimshika kwapa kumwinua na nikashangaa jinsi alivyokuwa mwepesi. Hospitali ya hapa mjini walimpima, wakaona damu imepungua kupita kiasi na figo zimeanza kuchoka, wakatuandikia barua ya kwenda hospitali kubwa ya rufaa katika mkoa wa jirani. Kule walimpiga picha za mifupa, halafu wakamchoma sindano ndefu kwenye mfupa wa nyonga, wakavuta uboho kidogo kwa ajili ya kupima. Baba alisema baadaye kwamba amefyonza uboho wa mbuzi maisha yake yote na hakuwahi kuwaza kama unauma namna ile ukitoka.

Majibu yalikuwa saratani ya damu, ile inayoota ndani ya uboho na kutafuna mifupa kutoka ndani.

Siku ya majibu tulikwenda watatu, lakini chumba cha daktari kilikuwa kidogo na mgonjwa aliruhusiwa msindikizaji mmoja. Mama alikuwa amesimama karibu na mlango kuliko mimi. Nilimwambia akae kwenye benchi aangalie mizigo, nitakuja kumweleza yote, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma. Maneno hayo ya mwisho niliyasema hivyohivyo, kwa sauti, mbele ya watu. Mama akakaa, akapakata kikapu, akasogeza miguu ili nipite.

Daktari alikuwa kijana kuliko mimi, mpole, mwenye sauti ya chini. Alimwamkia baba shikamoo kwanza, akamwuliza kama safari ilikuwa njema, ndipo akasema lililokuwapo. Baba alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeambiwa bei ya kitu ambacho hakukusudia kununua. Mimi nikaanza kuuliza maswali. Nilitaka kujua seli inakuaje mpaka inaharibika, inazaanaje, kwa nini inazaana pale na si mahali pengine. Sasa najua kwamba nilikuwa naogopa, na mimi nikiogopa huwa nageuka mwanafunzi wa mbele darasani.

Daktari hakuchoka. Aligeuza karatasi upande mtupu, akachora duara. Hii ndiyo seli yenyewe, akasema, ni katika zile seli nyeupe ambazo kazi yake ni kutengeneza kinga, sasa imeharibika na imesahau kuacha kuzaana. Akachora duara nyingine kuizunguka: hawa ni majirani zake ndani ya uboho, hawana ugonjwa wowote, kazi yao ya siku zote ni kuzilea seli za damu. Kisha akaweka vijiti vidogovidogo juu ya ngozi ya ile seli ya kwanza. Vingine ni vishikio, akasema, inavitumia kujishikiza kwa majirani. Ikishajishikiza, majirani wanaanza kutoa vichocheo vya ukuaji, ujumbe wa kemikali unaosema kua, zaana, usife. Na vijiti hivi vingine ni vipokezi, ndivyo vinavyoupokea ule ujumbe na kuuingiza ndani. Seli ya kawaida ingepokea kidogo na kutosheka. Hii haitosheki. Inashika zaidi, inapokea zaidi, inazaana zaidi, na zinazozaliwa nazo zinashika majirani wengine.

Nilimwuliza ingekuwaje kama ingekuwa peke yake. Alisema nyingi zao zingekufa. Zinaishi kwa sababu ya majirani.

Vidonge alivyoandika vilikuwa vya aina mbili. Vya kila siku, pamoja na kazi nyingine, vilikuwa vinaulegeza ule mshiko na kupunguza ujumbe. Vya mara moja kwa wiki vilikuwa vinaziua seli zenyewe, na alituonya kwamba siku hiyo baba atakosa usingizi na atasikia njaa sana. Vidonge vya maumivu vya duka la dawa alivipiga marufuku kwa sababu ya figo, na akamwambia baba anywe maji mengi. Ugonjwa huu mara nyingi hauishi kabisa, alisema, ila unaweza kurudishwa nyuma, na mtu akaishi nao miaka. Baba akasema, “Kikulacho ki nguoni mwako,” akasimama, akamshukuru.

Tulipofika Sigino kesho yake mchana, mama alipika chai, akavuta kigoda, akakaa mbele yangu na kusema sasa nimweleze. Alikuwa amesubiri siku nzima bila kuuliza hata mara moja. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilikuwa na mwanafunzi msikivu na nilikuwa na somo ambalo nimelielewa.

Mama yangu alisoma mpaka darasa la nne. Kiswahili alikijifunza shuleni na kanisani, na mpaka leo anakizungumza polepole kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Nikajua lazima nitafute mfano wa shambani, na mfano ulikuwa mbele ya macho yetu. Nikamwambia: mama, hiyo saratani ni kama mahindi. Mahindi unayapanda kwa mbolea ya kupandia, lakini yakifika magotini yanataka mbolea ya kukuzia, au siyo? Akakubali. Basi hizi seli mbaya nazo zinapewa mbolea ya kukuzia na majirani zao, humohumo ndani ya mfupa, na zina midomo kwenye ngozi ya kuipokea. Dawa zinafunga midomo na kuzuia mbolea. Nilijipongeza moyoni. Nikawaza hata kuutumia mfano huo darasani.

Mama akauliza hiyo mbolea inatoka wapi. Nikamwambia inatoka mwilini mwake mwenyewe. Akauliza, na mwili unaitoa wapi? Nilikuwa natafuta kofia yangu ya bodaboda, kijana wa pikipiki alikuwa anapiga honi nje, nikamjibu huku nasimama. “Si kwenye chakula, mama? Mwili unatoa wapi kitu kingine?”

Akaitikia, akanisindikiza mpaka nje.

Kwa watu wa kwetu mgonjwa haendewi mikono mitupu. Habari ilipoenea Sigino, na jumuiya ya kanisa nayo ikatangaza, watu walikuja kwa zamu. Huyu na trei ya mayai, huyu na sukari, huyu na kuku aliyefungwa miguu, huyu na kibuyu cha maziwa yaliyoganda vizuri. Mama mmoja kutoka Mutuka alileta asali ambayo mwanawe alikuwa ameirina wiki ileile. Walimwambia baba ale apate nguvu, wakamwombea, wakaenda. Mama aliwapokea wote, akawashukuru wote.

Na mimi kila Jumapili baada ya misa nilikwenda kuwaona, na kila Jumapili nilirudi Bagara nimebeba. Mama alinifungia mayai kwenye kitambaa, akanijazia maziwa kwenye chupa, siku nyingine akanipa kuku mzima. Nikikataa anasema vitaharibika, watu wameleta vingi, wapelekee watoto. Nilivichukua. Nilifurahia hata kuvichukua, walimu tunajulikana. Watoto wangu walinenepa miezi ile, na mdogo alianza kuuliza kila Jumapili kama bibi ametuma mayai.

Baba alikuwa anapungua. Niliona, si kwamba sikuona. Mashati yalianza kumning'inia, mfupa wa shingo ukatokeza. Nilijieleza kwamba ni ugonjwa, kisha nikajieleza kwamba ni dawa. Mtu anayejua kueleza hakosi sababu. Mama naye nilimwona amekonda kidogo, nikasema ni mawazo. Lakini alikuwa ametulia. Wiki za kwanza alikuwa akitembea nyumbani kama kuku aliyepoteza vifaranga, anashika hiki anaacha kile, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Sasa alikuwa na utaratibu, anajua dawa ipi saa ngapi, anapika, anafua, anaimba nyimbo za kwaya kwa sauti ndogo. Nilimsifia kwa mume wangu, nikasema mama amekubali.

Mwezi wa tatu wa dawa tukarudi kwa daktari. Mama alibaki benchini kama kawaida. Daktari aliangalia vipimo na uso ukamchangamka: ugonjwa unarudi nyuma, figo zimepata nafuu, hata damu imepanda kidogo. Kisha akamwomba baba apande kwenye mzani. Akaangalia, akamwomba ashuke apande tena.

Akarudi kukaa, na safari hii hakuchora kitu. Alimwuliza baba kama anatapika. Hapana. Anaharisha? Hapana. Chakula hakimpiti kooni, hana hamu? Baba akasema hamu ipo, tena siku ya vile vidonge vya wiki ipo nyingi sana. Daktari akanigeukia mimi kama vile baba hayupo, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Alisema saratani inakwenda, lakini mzee naye anakwenda nayo. Mwili wenye hali hii hauwezi kubeba dawa hizi. Alitupa wiki mbili. Akipungua tena, atalazimika kuzisimamisha, na zikisimama, ile kazi yote ndani ya uboho inaanza upya.

Njiani kurudi nilikaa karibu naye kwenye basi. Baba alilala, kichwa kwenye bega langu, na sikusikia uzito wowote.

Siku mbili baadaye shule ilitoa wanafunzi mapema kwa sababu ya kikao cha wazazi ambacho hakikunihusu, nami nikapanda bodaboda nikaenda Sigino bila kuwaambia. Ilikuwa saa saba mchana. Niliwakuta wanakula. Wamekaa kwenye vigoda vyao, sahani moja katikati, ugali na majani yaliyochemshwa, bila mafuta, bila hata kitunguu. Kikombe cha maji cha kila mmoja. Kwenye kabati nyuma yao kulikuwa na trei ya mayai na chupa ya maziwa imejaa, imefunikwa vizuri, inanisubiri mimi Jumapili.

Nilisalimia, wakaitikia marahaba, mama akainuka kunitafutia kigoda. Nikamwuliza nyama iko wapi. Nikamwuliza maziwa haya ni ya nani. Aliponijibu kwamba ni ya wajukuu, nikajua bila kuambiwa, na nikaanza kupiga kelele. Sijivunii. Nilimwambia mama yangu kwamba anamuua baba kwa njaa ndani ya nyumba yenye mayai. Nilisema mengine ambayo sitayaandika. Baba alinyanyua mkono kidogo, lakini mimi nikishaanza ni kama gari lisilo na breki mteremkoni.

Mama alisubiri nimalize. Hakukasirika. Alinieleza taratibu, kama mtu anayemkumbusha mwalimu somo lake mwenyewe. Nilisema kile kitu kinakua kwa mbolea ya kukuzia. Nilisema mbolea hiyo mwili unaipata kwenye chakula. Sasa chakula cha kukuza ni kipi? Ni kile tunachompa mtoto ili akue: maziwa, mayai, nyama, maharage, asali. Hakuna mkulima anayepalilia magugu huku anayamwagia mbolea. Kwa hiyo alimwachia baba ugali wa kushikilia roho na majani ya kusafisha damu, vingine vyote akaviondoa nyumbani ili visimtamanishe. Na yeye mwenyewe aliviacha, kwa sababu hawezi kula yai mbele ya mwenzake asiyekula.

Hapo ndipo nilipomtazama vizuri. Gauni lake la kitenge alikuwa amelibana kiunoni kwa pini mbili.

Nilikaa chini sakafuni. Nikamwambia si hivyo, mama, mimi nilikosea, mfano wangu ulikuwa mbaya, chakula si mbolea ile. Alirudi kwenye kigoda chake. Kisha akasema jambo ambalo nadhani alikuwa amelibeba tangu siku ile ya chai.

“Miaka arobaini na mbili mpishi wake ni mimi,” alisema. “Kama ilikuwa inakula, aliyekuwa anailisha ni nani?”

Sikuwa nimewaza hilo hata kwa bahati mbaya. Nilikuwa nimemfundisha mama yangu, kwa mfano mzuri wa shambani, kwamba kila kikombe cha maziwa alichompa mumewe, kila jicho la mbuzi alilomwekea kwenye sahani kwa heshima, kila yai alilomkaangia baada ya kulima, vilikwenda kunenepesha saratani. Na yeye aliamini, kwa sababu aliyesema ni mwanawe aliyesoma. Hakulia. Nililia mimi. Nilimshika miguu nikamwomba msamaha, naye akaniinua, akanipangusa uso kwa ncha ya khanga, akaniambia ninyamaze, majirani wasije wakadhani baba amefariki.

Jioni ile kabla sijaondoka alichemsha mayai mawili. Nilimwona akiyamenya. Alipomwekea baba, aliweka moja, la pili akalikata, akamwekea nusu. Alikuwa anataka kuniamini. Lakini nilikuwa nimeshamwambia kitu kimoja kwa uhakika mkubwa, na sasa namwambia kingine kwa uhakika uleule. Angejuaje upi ni wa kweli? Nilifungua mdomo kueleza tena, nikaufunga. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Tuliporudi kwa daktari baada ya wiki mbili, nilimpa mama barua na kadi ya kliniki, nikachukua kikapu mkononi mwake. Alitaka kukataa. Nikamwambia aingie yeye, mimi nitaangalia mizigo. Daktari alipotuona mlangoni tunasukumana, akasema leo tuingie wote, akaenda kutafuta kiti mwenyewe.

Mzani ulikuwa haujapanda, lakini ulikuwa haujashuka. Daktari akavuta pumzi, akasema tunaendelea. Kisha akamgeukia mama, akamwamkia, akamwuliza kama ana swali. Mimi niliuma ulimi. Mama alikunja mikono kwenye mapaja, akapanga maneno yake moja moja, na akauliza swali zuri kuliko yote niliyouliza mimi miezi yote ile.

“Daktari, nikimnyima chakula, hao majirani wa ndani ya mfupa nao watakaa na njaa?”

Daktari hakucheka. Alisema hapana, mama. Ule ujumbe wa kukua hautoki kwenye sahani. Majirani wanautengeneza wenyewe kwa sababu wameshikwa, na mzee ale asile wataendelea kuutengeneza. Seli mbaya hazisubiri zamu, zinajichukulia mwilini kile zinachotaka. “Atakayekaa na njaa ni yeye peke yake,” alisema, akamwonyesha baba. Kinachowanyamazisha majirani ni dawa, na dawa inataka mwili wenye nguvu wa kuibeba.

Mama akauliza, na nilichompikia zamani?

Daktari alielewa. Sijui alielewaje, sikuwa nimemwambia. Aliweka kalamu chini, akamwambia kwamba seli ya kwanza iliharibika yenyewe, kwa sababu ambayo mara nyingi hata wao hawaijui, na hakuna chakula alichowahi kumpikia mumewe kilichouleta ugonjwa huu wala kuulisha. Mama akamwomba aseme tena. Akasema tena, polepole zaidi. Mama akageuka kumwangalia baba, halafu akaangalia sakafu, na pale ndipo alipolia, kidogo, bila sauti, huku daktari akijifanya anaandika.

Baba sasa yuko mwaka wa pili na dawa zake. Ganzi ya miguu inamsumbua na shamba la mbali amelikodisha, lakini la karibu na nyumba analipalilia mwenyewe, polepole. Ugonjwa haujaisha. Upo, umelala, na kila tukienda kliniki tunaogopa. Mwili umerudi.

Lakini kuna mazungumzo ambayo sijawahi kumwambia mtu. Ilikuwa Jumapili, wiki kama tatu hivi baada ya mama kulia kwa daktari. Mama alikuwa ametoka kwenda kumkamua ng'ombe, mimi na baba tulikuwa tunamenya mbaazi mbichi barazani. Nikamwambia kitu kimoja kinanisumbua. Mama nimemwelewa. Yeye je, miezi yote ile, na vile vidonge vya njaa, hakuwahi kuwaza kwamba kuna kitu hakiko sawa?

Baba aliendelea kumenya. Kisha akasema alijua. Alijua tangu mwezi wa kwanza. Nesi mmoja wa dirisha la dawa kule hospitali alimwambia wazi, mzee vidonge hivi umeze umeshiba, ule mayai, ule nyama, unywe maziwa. Alinisikia pia siku ile ya chai, na alipomsikia mama akiuliza lile swali la pili, aliona kosa linaingia.

Hasira zangu mnazijua. Zilipanda. Nilimwuliza, kwa sauti ya chini kwa sababu mama alikuwa karibu, kwa nini basi hakusema.

“Ulimwona wiki zile za kwanza?” aliniuliza. “Alikuwa halali. Mimi nilikuwa na vidonge vyangu. Wewe ulikuwa na maelezo yako. Yeye hakuwa na kitu. Alipopata kazi ya kunifanyia, akaanza kulala.” Alitupa ganda la mbaazi kwenye ungo, akachukua lingine. “Njaa naijua tangu utoto. Nikaona hiyo naiweza.”

Nikachukua mbaazi nyingine, nikamenya. Mama akaja na ndoo, akasimama kati yetu, akamjazia baba kikombe maziwa ya moto kutoka kwa ng'ombe, akamngojea anywe mpaka mwisho kama anavyomngojea siku zote. Kisha akajimiminia na yeye, akakaa karibu naye, akanywa.